Nani Atamgeuza Bibi Usiku?

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mjomba, Morogoro, Jumapili baada ya watu kutoka kanisani. Viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, soda zishafunguliwa, ajenda ni moja tu. Bibi karuhusiwa hospitali, kiharusi kimechukua upande wake wote wa kulia, hawezi kukaa mwenyewe, hawezi kushika kijiko, haja zote ni hapohapo kitandani. Anamchukua nani?

Mjomba mkubwa akaanza, mkewe presha inamsumbua na nyumba yao ni ya kupanga, vyumba viwili. Mjomba wa pili yuko Mwanza na kazi yake ni ya kusafirisafiri. Mama mkubwa anao wajukuu wanne alioachiwa na marehemu binti yake. Kila mtu alikuwa na sababu na kiukweli zote zilikuwa za kweli, hakuna aliyedanganya pale. Alafu taratibu, bila mtu kusema neno, macho yakaanza kuhamia kona moja ya sebule. Mamdogo. Hana mume, watoto wake wameshakua, ana meza yake ya mitumba sokoni.

"Mdogo wangu," Mjomba akamwambia, "naona wewe ndo mwenye nafasi."

Mamdogo akasema sawa.

Tukafunga kwa sala.

Nimerudi Dar, wiki zimepita, na bado kile kikao hakijanitoka kichwani. Mwanzo nilidhani nina hasira na wajomba, lakini hasira ikaisha na lile jambo likabaki. Ikabidi nikae nijiulize ni nini hasa. Nikaja kugundua kwamba watu wazima zaidi ya kumi, wenye akili zao, wengine wameajiriwa, wengine ni viongozi kwenye jumuiya zao, wamekaa muda wote ule wanajadili mgonjwa asiyeweza kunyanyuka kitandani, na hakuna hata mmoja aliyetaja serikali. Haikutajwa hata kwa kulalamika. Yaani haikumjia mtu yeyote kichwani kwamba hapa pangeweza kuwepo huduma ya umma.

Na mi pia nilikuwepo.

Tunalalamikia yote isipokuwa hili

Barabara ikiharibika tunapiga simu redioni. Umeme ukikatika mtandao mzima unawaka. Kikokotoo nacho, ile fomula ya mafao ya wastaafu, mnakumbuka, kanuni za 2018 zilivyoleta mkupuo wa 25%, watu wakaja juu, zikasitishwa, ikaja 33% mwaka 2022, kelele zikaendelea mpaka ikapanda 40% mwaka 2024. Sisemi kelele zile zilikuwa mbaya, zilikuwa na haki kabisa na zilifanya kazi. Ila kikokotoo ni cha mtu aliyekuwa na mwajiri. Bibi yangu kalima mpunga, kauza maandazi, kalea watoto wake na wa wenzake, na hakuna fomula yoyote nchi hii inayomhesabu.

Wakati Katiba inamtaja! Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inasema mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kupata elimu, na kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Uzee umeandikwa pale kwenye mstari mmoja na kazi na elimu. Niliposoma nilifurahi sana, mpaka nikarudi nyuma kidogo kwenye ibara ya 7, ambayo inasema mambo ya sehemu ile huwezi kuyapeleka mahakamani kuyadai. Ni maelekezo tu ya kuongoza serikali.

Sera nayo tunayo, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Sera nzuri, inaongelea matibabu, matunzo, ushiriki. Zanzibar wao walienda mbele wakatunga sheria kabisa mwaka 2020. Bara tumeishi na sera kwa zaidi ya miaka ishirini, na sera mtu hawezi kuishikia bango mbele ya hakimu. Katika miaka hiyo wazee wameongezeka, sensa ya 2012 ilikuta watu wa miaka 60 na kuendelea kama milioni 2.5, ya 2022 ikakuta kama milioni 3.5. Karibu milioni moja wameongezeka kati ya sensa mbili, na mnajua wenyewe vijana walivyohama vijijini, na familia za watoto wawili watatu zinavyozidi kuwa za kawaida mjini. Vile vikao vya sebuleni vitakuwa vingi, na watu wa kukaa kwenye vile viti watakuwa wachache.

Dirisha linamsubiri anayeweza kutembea

Mtu ataniambia mbona matibabu bure yapo. Yapo, na siyadharau. Mzee wa miaka 60 asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo, kuna kitambulisho, kuna dirisha la wazee, kuna bango ukutani la kumpisha mzee kwanza. Nimeona wazee wakipishwa foleni kwa heshima na nimeona manesi wanaomwita kila mtu bibi na babu kwa upole wa kweli.

Ila hebu fuatilia safari yenyewe. Ukitaka kitambulisho unaanza na barua ya serikali ya mtaa, kisha ustawi wa jamii, kisha usubiri. Ukikipata, unaenda hospitali. Daktari anakuona bure, anakuandikia dawa ya presha, unafika dirishani unaambiwa hiyo imeisha, kanunue nje. Kituo chenyewe sitakitaja kwa sababu mchezo huu hauko kwenye kituo kimoja. Dawa ya presha ni ya kila siku maisha yote. Mzee akikosa hela ya famasi mwezi mmoja anaruka, akiruka presha inapanda kimyakimya bila kuuma, na hapo ndo kiharusi kinapopita. Bibi yangu aliruka. Alikuwa anagawanya vidonge ili vifike mwisho wa mwezi, tumekuja kujua baadaye tulipokuta pakiti kwenye kikapu chake.

Na sasa hivi ndo kabisa, dirisha halimsaidii tena. Ili afike pale lazima wamnyanyue watu watatu, bajaji ikodiwe kwenda na kurudi, Mamdogo afunge meza siku nzima. Nauli inazidi bei ya dawa yenyewe. Dirisha la wazee limejengwa kwa ajili ya mzee anayeweza kulifuata, na mzee anayelihitaji kuliko wote amelala kitandani.

Bima ya afya kwa wote nayo, sheria imepita 2023 na mi naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini tuelewane inachofanya. Bima inalipa daktari, vipimo, dawa, kitanda cha hospitali. Mtu wa kumgeuza Bibi saa nane usiku hayumo.

Usiku mmoja chumbani

Nilienda kukaa kwa Mamdogo siku kadhaa ili apumzike kidogo, na hapa naomba niende taratibu kwa sababu wengi wetu tunaotuma hela hatujui tunatuma kwa ajili ya kazi gani.

Siku ya kuruhusiwa nesi alimwambia Mamdogo, "Mama, mgeuzeni kila baada ya saa mbili asije pata vidonda." Basi. Mafunzo yote yalikuwa hayo, yamesemwa korido huku nesi anaitwa wodi nyingine. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza upande siyo kuvuta mkono. Kuna shuka inakunjwa inapitishwa chini ya mwili, unaikusanya karibu na kiuno na bega, goti la upande wa pili unalikunja, ndo unamlaza ubavu kwa shuka ile huku mto umeshawekwa mgongoni na mwingine kati ya magoti ili mifupa isigusane. Mamdogo haya kafundishwa na jirani ambaye naye aliuguza mume. Kabla ya hapo alikuwa anamvuta kwa kwapa, na bega la Bibi upande uliopooza likawa linauma mpaka analia.

Juu ya makalio, pale penye mfupa, ngozi ilishaanza kubadilika rangi. Ukibonyeza ile rangi haififii. Mamdogo anaijua ile alama sasa hivi kuliko anavyojua bei za mitumba yake, anaikagua kwa tochi ya simu kila anapomgeuza, anapaka mafuta pembeni, anakunja khanga kuukuu anaweka ili pale pasiguse godoro. Juu ya godoro kuna nailoni, juu ya nailoni shuka, juu ya shuka vitenge vilivyokatwakatwa kwa sababu pakiti ya pampasi za wakubwa inakula hela ya mboga ya siku kadhaa, kwa hiyo pampasi zinawekwa kwa ajili ya siku wageni wakija.

Kulisha ndo kulinitisha. Uji mwepesi unampalia. Mtu aliyepata kiharusi koo nalo linaweza kulegea, kitu chepesi kinapita njia ya hewa, na wengi wanaondoka kwa nimonia na sisi tunasema kiharusi kimerudi. Ukimkalisha wima, ukampa uji mzito kidogokidogo kwa upande ulio mzima wa mdomo, na ukamwacha amekaa nusu saa baada ya kula, hatari inapungua. Haya siyo mambo ya daktari bingwa. Mtu yeyote aliyefundishwa wiki mbili anayajua na anaweza kumfundisha mwingine.

Saa nane usiku simu ya Mamdogo ikalia alamu. Akaamka kabla yangu, japo zamu ilikuwa yangu.

Asubuhi nikamuuliza, hivi ungepewa kuchagua, ungetaka nini? Nilitegemea atasema hela. Akafikiri, akasema, "Mi sitaki wamchukue mama yangu. Nataka Jumamosi moja moja niende sokoni, na nijue aliyebaki naye anajua anachofanya."

Meza yake ya mitumba imechukuliwa na mtu mwingine. Hilo halikujadiliwa kwenye kikao.

"Sisi siyo Wazungu"

Nilipoanza kuongelea haya kwa watu, jibu la kwanza lilikuwa hilohilo kila mara. Sisi siyo Wazungu. Kulea wazazi ni jukumu la mtoto, ni baraka, ukianza kuingiza serikali watu watatelekeza wazazi wao. Morogoro kwetu wanasema moja kwa moja, "Kwa hiyo unataka apelekwe Fungafunga?" Fungafunga ni makazi ya wazee ya serikali, yanasaidia wazee wasio na mtu kabisa, na nchi hii makazi kama haya ni ya kuhesabika, Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza. Baadhi yalianza kama sehemu za kuwaweka wagonjwa wa ukoma, mbali na watu. Kwa historia hiyo sishangai mtu akisikia "huduma ya serikali kwa wazee" anaona kutupwa.

Na hoja yenyewe ilinitikisa kweli. Nilikaa nayo. Je, ni kweli tukileta huduma ya umma tutawapa watu ruhusa ya kukimbia wazazi wao?

Aliyenifungua macho ni rafiki yangu niliyesoma naye, anafanya kazi ya uuguzi wa wazee Ujerumani. Nikamtumia voisi ndefu, nikamuuliza, huko mmeua familia? Akacheka, alafu akanieleza kwa kirefu. Asubuhi wanatoka na gari ndogo wanapita nyumba kwa nyumba, huyu kuogeshwa, huyu kuvishwa soksi za kubana, huyu kufungwa kidonda, huyu kupewa dawa, ikifika mchana wanarudi. Wagonjwa wako majumbani kwao. Nikafuatilia, ni kweli, Ujerumani kuna watu zaidi ya milioni 5 wanaohitaji kutunzwa, na zaidi ya wanne kati ya watano wanatunzwa nyumbani, wengi na familia zao. Tangu 1995 wana bima maalum ya matunzo, na mtoto akiamua kumtunza mama mwenyewe bima inatoa hela kila mwezi kwa ajili hiyo, na akifikisha saa zilizowekwa kwa wiki inamchangia hadi mafao yake ya uzeeni.

Yaani wale tunaowasema hawana utu wamemhesabu binti anayelea mama yake kuwa ni mtu anayefanya kazi.

Rafiki yangu akaongeza nisipambe sana, nyumba za wazee kule mzee mwenyewe anachangia zaidi ya yuro 2,000 kwa mwezi na watu wanalalamika, wahudumu wenyewe hawatoshi, ndo maana wanawafuata vijana wa Kenya, wa kwetu na wa kwingineko. Hilo la mwisho ndo limeniumiza. Vijana wetu wanaenda kujifunza kumgeuza bibi wa mtu mwingine kitaalamu, na hapa Mamdogo anafundishwa na jirani.

Mbona mtoto tunamkubalia?

Kuna kitu kimoja kimenituliza kuhusu ile hofu ya kutelekeza, na kiko hapahapa nyumbani. Kliniki.

Mama akijifungua anapewa kadi. Kila mwezi anapeleka mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, anaambiwa ampe nini na nini. Mhudumu anapita nyumbani kuuliza kama mtoto anaharisha. Yote haya ni serikali, na sijawahi kusikia mzee wa kanisa wala shehe akisema kulea mtoto ni jukumu la mzazi kwa hiyo kliniki zifungwe. Hakuna mzazi aliyeacha kumpenda mwanae kwa sababu ya chanjo. Tulikubaliana zamani kwamba mzazi analea na umma unamshika mkono, na vifo vya watoto vikapungua.

Basi mzee naye apewe kadi yake. Presha ipimwe nyumbani kwake, sukari ipimwe, macho, miguu, mdomo. Aulizwe kama anakula, kama kuna anayempiga, kama kitambulisho anacho. Na anayemtunza aulizwe amelala lini.

Watu wa kufanya hivyo wanaandaliwa tayari! Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo ni zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Wengi tunawajua kwa mambo ya mama na mtoto, lishe, TB, usafi. Kuwaongezea matunzo ya mzee aliyelala kitandani ni kuongeza mafunzo na begi la vifaa, halafu walipwe vizuri kwa kazi hiyo. Hapa nasisitiza kulipwa. Tukiwapa mzigo wa wazee juu ya mizigo mingine kwa posho ya kubahatisha, tutakuwa tumemhamisha Mamdogo tukamweka mwanamke mwingine maskini mahali pake.

Hela

Swali la hela ni halali, na mi silikwepi.

Zanzibar walianza Aprili 2016, kila aliyefikisha miaka 70 anapata pensheni jamii, awe alikuwa mvuvi, mkulima au mama wa nyumbani. Ilianza 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na inatoka bajeti yao wenyewe. Kenya wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa wa miaka 70 na kuendelea, japo kucheleweshwa kunalalamikiwa kila kukicha. Uganda mpango wao wa nchi nzima ulilenga wa miaka 80 na kuendelea. Bara tuna TASAF, ambayo inaangalia kaya maskini, siyo umri, na mzee akiwa kwenye kaya isiyohesabiwa maskini kabisa anapita pembeni. Hata ile 10% ya mapato ya halmashauri inakopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mikopo siyo matunzo, najua, ila inakuonyesha mzee anakumbukwa wapi.

Tufanye hesabu ya haraka. Tuseme tunawapa wazee milioni moja 50,000 kila mwezi. Bilioni 50 kwa mwezi, bilioni 600 kwa mwaka. Bajeti ya 2025/26 ilisomwa trilioni 56.49. Inakuja kama asilimia moja. Siyo hela ndogo, na sitaki mtu adhani nasema ni ndogo, ila ni hela ambayo nchi inaweza kukaa mezani ikaijadili, ikaanza na wa miaka 80 kama Uganda kisha ikashuka. Hatujawahi hata kukaa.

Na gharama tunailipa sasa hivi, sema haiandikwi popote. Inalipwa na meza ya mitumba ya Mamdogo, na binti aliyeachishwa chuo arudi kumuuguza babu, na ada ya mtoto iliyonunua dawa. Kiharusi ambacho kidonge cha presha kingekizuia kinakuja kutibiwa wodini kwa hela nyingi mara kadhaa.

Kinachonitia hofu mwenyewe

Nikiri kuna jambo bado linanisumbua na sijapata jibu linaloniridhisha. Mzee aliyelala kitandani hawezi kulalamika. Bibi sasa hivi maneno yake hayaeleweki vizuri. Tukileta huduma ya umma iliyo mbovu, mtu anakuja anasaini daftari anaondoka, nani atajua? Akimvuta bega, akimfokea, akimwibia? Na ukweli usemwe, hata ndani ya familia haya yapo, kuna wazee wanapigwa na watoto wao na majirani wanasikia.

Kwa hiyo nikisema huduma ya umma sitaki bora liende. Nataka mtu anayekagua, na wa kukagua asiwe bosi wa anayekaguliwa. Mabaraza ya wazee yapo kwenye kata, yana watu wenye heshima na muda na jicho la kuona, lakini mara nyingi tunawaita kwenye sherehe ya Siku ya Wazee, tarehe 1 Oktoba, wakae mstari wa mbele. Mzee mwenzako akija kukutembelea kila mwezi, akafunua shuka akaona mgongo wako, nadhani daftari litaanza kusema kweli. Inawezekana nakosea kwenye namna, labda kuna njia bora zaidi, ila lazima pawepo na jicho.

Mamdogo nilipomwelezea hili aliongeza kitu ambacho singekifikiria. Anasema mhudumu awe mwanamke kwa mgonjwa mwanamke, na aje mtu yuleyule siyo kila wiki sura mpya, maana Bibi akiona mgeni anakaza mwili na ukimgeuza amekaza ndo anaumia.

Tulipofika

Nimeongea na mtendaji wa mtaa anakokaa Mamdogo. Alinipokea vizuri. Nikamuuliza kama kuna orodha ya wazee wasiotoka kitandani. Ya kaya za TASAF ipo, ya wajawazito wahudumu wanayo, hii hamna. Hakuna aliyewahi kuiomba.

Tumeanza kuiandika wenyewe, Mamdogo, yule jirani aliyemfundisha, kijana mmoja wa duka la dawa anayejua nani ananunua pampasi za wakubwa na mama mmoja wa jumuiya. Tunaandika umri, ugonjwa, kitambulisho cha matibabu kipo au hakipo, anayemtunza ni nani, na kuna safu ya mwisho ambayo ni wazo la jirani: huyo anayemtunza alikuwa anafanya kazi gani kabla. Kila nyumba tunaomba ruhusa kwanza, na asiyetaka tunamwacha. Nyumba karibu zote hiyo safu imejazwa na mwanamke aliyekuwa na biashara.

Tunataka kuifikisha ofisi ya kata kabla vikao vya bajeti ya halmashauri havijaanza. Ombi liko wazi: wahudumu wa afya wa mtaa wafundishwe kugeuza, kulisha na kukagua ngozi, wapangiwe hizi nyumba kwa wiki na walipwe kwa hilo, na dawa za presha na sukari za wazee hawa ziletwe huko huko nyumbani. Kama mtaani kwenu mnataka kufanya hivi, niandikieni, nitawatumia picha ya fomu tunayotumia. Imechorwa kwa mkono kwenye kauntabuku, inatosha.